Tuanze na mbegu wanazozitema

Mmeuliza wiki hii kama mtoto wa mjini anaweza kufundishwa miti ya asili bila kupelekwa porini. Anaweza, na hapa Lubumbashi, Kongo, mimi ningemwanzia mdomoni. Mvua zikianza, masuku, matunda ya mti wa musuku, yanajaa kando ya barabara. Watoto wanamung'unya na kutema mbegu, 3 au 4 kila tunda. Wengi hawajui kwamba musuku ni mti wa miombo, msitu ule ule uliofyekwa mwaka 1910 ili mji huu ujengwe.

Katika kitalu chetu cha mtaani, Katuba, mwaka wa kwanza tulikosea. Tulianika mbegu juani kama za nyanya, tukaziweka hadi likizo ya Noeli iishe. Haikuota hata moja. Mbegu ya musuku haivumilii kukauka. Siku hizi, Jumamosi, watoto wanakula, wanaosha mbegu na kuzipanda asubuhi hiyo hiyo, katika saseti za maji (vifuko vya plastiki) zilizotobolewa chini.

Baadaye miche iliota, kisha ikadumaa na kugeuka njano. Baba mmoja muuza makala, yaani mkaa, akatuletea nusu gunia la udongo kutoka chini ya misuku mikubwa, huko barabara ya Kasenga. Mizizi ya musuku huishi kwa ushirika na uyoga: nyuzi za uyoga huuletea mti maji na rutuba, nao mti huulisha uyoga sukari. Watoto waliojua bowa, yaani uyoga, sahanini tu waliuvunjavunja udongo ule, wakaziona nyuzi nyeupe, wakanusa. Mmoja akasema, "Kumbe wakikata miti ya makala, bowa nayo inaisha." Sikuwa na la kuongeza.

Wanaotugawia miche huja na mikaratusi na akasia za Australia kwa sababu hukua haraka. Siikatai, kuni tunazihitaji. Lakini mtoto anayepanda hiyo pekee atadhani mti ni kitu kinachoshushwa kwenye gari.

Musuku uliooteshwa kwa mbegu huchukua karibu miaka 10 kuzaa. Tena kuna wa kiume na wa kike, na wa kike tu ndio huzaa. Msichana wa miaka 9 aliniuliza upi kati ya miche yake ni wa kike. Nikamwambia hatutajua mpaka itoe maua. Akaomba mitano, aipande yote katika parseli yao, kiwanja cha nyumbani.