Wasomaji Wanauliza: Laki Mbili za Kulinda Nyumba

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mama wa watoto watatu, nimepanga vyumba viwili Mbagala, Dar es Salaam. Mwezi uliopita wezi waliingia kwa jirani yangu usiku baada ya kuubomoa mlango kwa jiwe, na tangu hapo usingizi umenipaa. Nina akiba ya shilingi laki mbili. Kaka yangu ananishauri ninunue panga na kopo la dawa ya pilipili ya kupuliza. Je, nifuate ushauri huo?
Mama wa watatu, Mbagala

JIBU: Pole sana, dada yetu. Kaka yako anakutakia mema, lakini panga chini ya kitanda humfaa mtu mwenye nguvu na nafasi ya kulitumia, ilhali wavunjaji wa nyumba huweza kuja kwa kundi na mapanga yao mkononi, kama wakazi wa jiji lako walivyoona mwaka 2022 wakati wa vikundi vya vijana wahalifu vilivyoitwa panya road. Katika chumba chenye giza ambamo watoto wamelala sakafuni, anayekatwa kwanza anaweza kuwa mwanao. Dawa ya pilipili nayo ikipulizwa ndani hujaza chumba kizima, na mtoto mwenye pumu ndiye atakayeumia kuliko mwizi. Tena usiinunue kabla ya kuuliza kituo cha polisi kama unaruhusiwa kuwa nayo.

Kwa maoni yetu, sehemu kubwa ya fedha hiyo iende mlangoni. Jiwe hilo, ambalo watu wa mijini wamelipachika jina la Fatuma, halishindani na kitasa, bali hushindana na fremu. Ukiuchunguza mlango wa kawaida wa nyumba ya kupanga utaona kwamba kile kibati kinachopokea ulimi wa kitasa kimeshikwa na skrubu fupi mbili, na fremu yenyewe imebanwa ukutani kwa misumari michache iliyozibwa kwa plasta. Pigo la pili au la tatu huing'oa yote, hata kama kitasa ni cha bei mbaya. Ndiyo maana tunashangaa kila tunapomwona mtu akinunua kufuli la tatu kwa mlango ambao fremu yake inatikisika.

Mwite fundi aishike fremu ukutani kwa boliti ndefu, angalau tatu kila upande, abadilishe skrubu za bawaba ziwe ndefu, kisha fundi wa kuchomelea akutengenezee pingo: bomba nene la chuma linalolala kwa upana nyuma ya mlango, ncha zake zikikaa katika vishikio viwili vilivyochimbiwa ukutani kwa zege. Kwa kuwa mlango unafunguka kwa ndani, kishindo cha Fatuma kitapokelewa na ukuta wala si na kitasa. Pingo hilo lisiwe na kufuli. Mtoto wako mkubwa aweze kulinyanyua gizani, na umjaribishe taa zikiwa zimezimwa, kwa sababu moto nao huja usiku. Kabla ya kazi kuanza, pata ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi, na kama atakubali kukata gharama hiyo kwenye kodi, hilo nalo liandikwe na ikiwezekana mwenyekiti wa serikali ya mtaa ashuhudie.

Madirishani kuna wizi wa aina nyingine: mtu huchana wavu wa mbu, akapitisha fimbo ndefu yenye ndoana kati ya nondo, na kuvuta simu, suruali au mkoba uliotundikwa karibu. Dawa yake haigharimu kitu, nayo ni kuvihamisha vitu hivyo mbali na dirisha. Hata hivyo, nyumba ambayo madirisha yake yote yana nondo zisizofunguka ni mtego wakati wa moto. Dirisha moja la chumba cha kulala liwekewe nondo za bawaba na kufuli kwa ndani, na ufunguo utundikwe mahali ambapo familia yote inapajua lakini fimbo ya mwizi haipafikii.

Kiasi kitakachobaki kinunue kelele na mwanga. King'ora kidogo cha betri chenye sumaku, kinachobandikwa mlangoni na kulia mlango unapoachana na fremu, hupatikana Kariakoo kwa bei nafuu, na taa ya sola inayowaka mtu anapopita iwekwe upande wenye giza, juu kuliko mkono unapofika. Kwa majirani, filimbi inatosha, mradi mmekubaliana mapema kwamba ikilia kila nyumba itawasha taa za nje, mmoja atapiga namba ya dharura 112 na mwingine atamwamsha kiongozi wa ulinzi shirikishi, wala hakuna atakayetoka peke yake. Na mapanga, mashoka na nyundo mnazozitumia mchana zisilale uani. Wezi wengine hufungulia nyumba kwa vifaa vya mwenye nyumba mwenyewe.

SWALI: Fundi mmoja amesema anaweza kuunganisha waya kutoka kwenye soketi hadi kwenye seng'enge ya ukuta wangu, niwe nauwasha usiku tu. Je, si sawa na fensi za umeme za matajiri?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Si sawa hata kidogo, na fundi huyo usimruhusu arudi. Fensi halali ya umeme hutumia mashine maalumu inayotoa mishtuko mifupi sana yenye nguvu kidogo, inayomtisha mtu na kumwachia. Umeme wa soketi ni volti 230 zisizokatika. Humkamata mtu na kumuua, hasa ardhi ikiwa na maji. Waya huo hautambui mwizi na mtoto anayefuata mpira wake, na atakayekufa hapo utamjibia wewe mahakamani. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa mtu haki ya kujitetea na kutetea mali yake kwa nguvu ya kiasi kinacholazimu. Waya uliotegwa ukutani wakati wewe umelala hauwezi kupima kiasi.

SWALI: Nimeletewa gobole kwa bei ndogo. Ninaishi pembezoni mwa kijiji. Ninunue?
Mzee msomaji, Tabora

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Usinunue. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila silaha ya moto iwe na leseni, na gobole la kununuliwa kichochoroni litakuingiza gerezani hata kama hujalipiga. Kwenu Unyamwezi, na kwa jirani zenu Wasukuma, ndiko sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa kijiji, walikoanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na nguvu yao ilikuwa yowe lililoitikiwa na kijiji kizima. Ongea na mwenyekiti wa kijiji nyumba yako iingizwe katika mzunguko wa doria, na mkubaliane kwamba atakayekamatwa atakabidhiwa polisi akiwa hai, kwa kuwa kumpiga mtu aliyekwisha kudhibitiwa si kujitetea tena. Mbwa wawili waliochanjwa kichaa cha mbwa watakuamsha mapema. Na anayekuuzia gobole mweleze kwamba Jeshi la Polisi hutoa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Kikitangazwa kingine, akalipeleke.