Nilikatwa Vidole, Si Miguu

Wiki jana kaka mmoja wa Kondele, Kisumu, aliniandikia saa tano usiku. Mwezi wa tatu aliangukiwa na magunia ya mchele ghalani, mgongo ukaumia, na tangu siku hiyo yuko nyumbani analipwa pesa za mgonjwa. Sasa mdosi wake amemwita arudi. Habebi tena, atakaa mlangoni ahesabu magunia yanayoingia na kutoka. Swali lake nalinakili vile alivyoliandika: "Shemeji anasema nikionekana tu kazini, fidia imeenda. Nikae au nirudi?"

Niliusoma ujumbe huo mara mbili, usingizi ukaisha. Yeye ana shemeji, mimi nilikuwa na mjomba.

Mwaka wa 2016 nilikuwa naendesha msumeno kwenye kiwanda kimoja cha mbao upande wa Elburgon. Siku yenyewe sitaisimulia, nimeisimulia kwa watu wengi mno na haijawahi kunisaidia. Mkono wa kulia ulibaki na gumba na nusu kidole. Hospitali, bendeji, fomu, tuziruke.

Nisichoweza kuruka ni gambuti. Zilikuwa zangu, nimeziandika herufi za jina langu kwa rangi nyeupe kisigino. Wiki ya tatu nilipita kiwandani kupeleka karatasi za daktari, nikakuta kijana mwingine amezivaa, amesimama kwenye maranda mbele ya mashine yangu. Alinisalimia kwa heshima sana, maskini, hakujua. Meneja akasema, "Tutakupigia simu." Nilitoka pale najiambia: nilikatwa vidole, si miguu. Mbona wamegawa viatu? Ni miaka mingi imepita na bado nikiona gambuti zimeandikwa kisigino nasimama kuangalia.

Basi mjomba akaingia. Akasema nisitoke nje hovyo, nisionekane nimebeba hata jerikani, maana daktari akisikia ninafanya kazi ataniandikia asilimia ndogo ya ulemavu, na fidia itapungua. Nikamtii miezi saba. Nililala, nikanenepa, nikagombana na mke wangu kwa sababu ya rimoti. Watoto walizoea kunipita kama wanavyopita kabati.

Ukweli niliujua baadaye, tena bure, kwa kuuliza tu ofisi ya kazi pale Nakuru. Sheria ya fidia kazini ya 2007, hii tunayoiita WIBA, ina malipo mawili tofauti na watu huyachanganya. La kwanza ni la muda, unapokuwa huwezi kufanya kazi, na halizidi miezi 12. Hilo ni kweli linabadilika ukirudi, kwa kuwa sasa unalipwa mshahara. La pili ni la ulemavu wa kudumu, na hilo hupigwa hesabu kwa mapato ya miezi 96. Tuseme ulikuwa unapata 15,000 kwa mwezi: mara 96 ni 1,440,000. Ukiandikiwa asilimia 30, ni 432,000. Asilimia inafuata kilichopotea mwilini. Vidole vyangu havikuota tena kwa sababu nimeshika kalamu. Miezi saba ya kujificha haikuniongezea hata shilingi.

Nilirudi bila kupigiwa simu. Sikumwambia meneja "naomba kazi yoyote", maana hiyo kazi yoyote haipo, na ukiiomba unaambiwa pole. Nilimwambia, "Nipe kitabu cha hesabu ya mbao, karani wako anaondoka mwisho wa mwezi." Alicheka. Halafu akaacha kucheka, kwa sababu ilikuwa kweli karani anaondoka. Mshahara ulipungua 3,000. Nikakubali.

Kuandika kwa mkono wa kushoto ni kama kuvuka mto gizani. Wiki ya pili lori liliondoka na mbao 170, ofisini wakasoma 110. Saba yangu ilikuwa imesimama wima kama moja. Lori likarudishwa kutoka Njoro, dereva akanitukana mbele ya utingo wake. Usiku ule nilichukua daftari la mwanangu wa darasa la pili, nikaandika saba zilizopigwa mstari katikati, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka taa ikaisha mafuta. Hadi leo saba zangu zina mstari. Benki nayo ilikataa sahihi yangu mpya mara tatu, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine na bado ina moto.

Februari 2018 serikali ikasimamisha ukataji wa miti na misumeno ikanyamaza Elburgon nzima. Wenye mikono miwili walirudi nyumbani. Mimi wiki ya tatu nilikuwa Nakuru mjini, nahesabu mabati na misumari kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa sababu tayari nilikuwa karani. Leo nina yadi yangu ya mbao Kaptembwa. Tuko watano, wawili wana kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Ndiyo, najisifu kidogo. Nani mwingine atanisifu?

Kwa hiyo ushauri wangu ni rudi mapema. Taja kazi kwa jina. Rudi mapema, hata kwa nusu siku. Na kama kazi ya zamani haiwezekani kabisa, kuna vyuo vya serikali vya kufundisha ufundi watu wenye ulemavu, kama Itando kule Vihiga, Odiado kule Busia, na Kakamega. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii.

Simsemi yule mwenye ulemavu mkubwa anayepata 2,000 za Inua Jamii, pesa za msaada wa serikali, kila mwezi. Huyo kwa kawaida ni mtu wa kulishwa na kugeuzwa kitandani, na hizo pesa hazimtoshi hata mlezi wake. Usiende kumwambia ajikaze. Ninayemsema ni wewe uliyelala mchana huku akili yako iko kazini.

Nanyi wadosi, acheni kuuliza "utaweza?" Mtu aliyeumia ataficha maumivu aseme ndiyo, au aogope aseme hapana. Ulizeni tubadilishe nini. Meza ipande, zamu ianze saa tatu, simu badala ya kupanda ngazi. Mengi ya hayo ni ya seremala wa nusu siku. Na viatu vya mgonjwa viacheni vilipo. Familia, mnaomhurumia ndugu yenu mpaka anasahau kuvaa mshipi, huruma yenu inamla. Mnamfanya mgeni kwake.

Kaka wa Kondele, Jumatatu nenda. Kabla hujaenda, hakikisha ajali yako iliripotiwa kwa maafisa wa usalama kazini na uwe na nakala ya fomu ya ripoti hiyo, si ahadi. Daktari aandike uzito ambao hutakiwi kuinua, na mdosi aandike kuwa ni kazi nyepesi. Beba kalamu mbili. Na wakikupa stuli isiyo na egemeo, ikatae asubuhi hiyo hiyo, kabla hujaandika gunia la kwanza.