Maswali ya Wasomaji: Mngurumo wa Malori Mlimani Kitonga

SWALI: Mheshimiwa Mhandisi, naendesha semi-trela kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na mara nyingi ninaporudi na mzigo wa shaba hushuka mlima Kitonga alfajiri. Lori langu ni la Kimarekani lenye breki ya injini, na nilipokabidhiwa, sailensa, yaani kile chombo cha kupunguza kelele kwenye bomba la moshi, ilikuwa imekwishakatwa na mahali pake pamewekwa bomba tupu. Wenzangu husema kwamba bomba tupu huiongezea breki hiyo nguvu. Mwezi uliopita, nilipokuwa nimeegesha chini ya mlima, mzee mmoja alinijia akaniambia kwa upole kuwa wajukuu wake hushtuka usingizini kila tunapopita. Sikuwa na jibu. Je, niache kuitumia breki ya injini usiku?
Dereva wa masafa marefu, Mbeya

JIBU: Ndugu yangu dereva, usiiache. Lori lenye shehena likishushwa mlima mrefu kwa breki za magurudumu peke yake, ngoma za breki hupata moto na kutanuka, mpaka dereva anafika mahali anakanyaga pedeli na mwendo haupungui. Clessie Cummins, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya injini yenye jina lake, yalimkuta hayo mwaka 1931 alipokuwa akishuka mlima wa Cajon huko California: breki zilimwishia, na kidogo agongane na treni kwenye makutano ya reli. Hakuisahau siku ile, na kifaa alichokibuni baadaye kilianza kutengenezwa na kampuni ya Jacobs mwaka 1961. Ndicho hicho ulicho nacho, na ni kifaa cha kuokoa maisha.

Kuhusu bomba tupu, wenzako wamekosea. Unapoondoa mguu kwenye mafuta na kuwasha breki ya injini, pistoni hupanda na kuibana hewa iliyo ndani ya silinda, kazi ambayo hula nguvu ya lori linaloteremka. Kisha, pistoni inapokaribia kufika juu, valvu za kutolea moshi hufunguka na kuitoa hewa hiyo kabla haijaisukuma pistoni chini na kurudisha nguvu iliyotumika. Breki inatoka hapo, ndani ya silinda, na kuondoa sailensa hakuiongezei chochote. Kinachoongezeka ni kelele tu, kwa sababu hewa iliyobanwa sana hutoka kwa mshindo, silinda baada ya silinda, na kazi ya kuutuliza mshindo huo ni ya sailensa. Lori lenye sailensa nzima hushuka na breki ya injini likiunguruma kwa wastani. Lililokatwa hupiga kama bunduki. Ndiyo maana baadhi ya miji ya Marekani iliyoweka vibao vya kukataza breki hizi inawalenga hasa wenye malori yasiyo na sailensa.

Naomba pia uyafikirie masikio yako mwenyewe, jambo ambalo madereva wetu hulisahau. Wataalamu wa afya kazini huchukulia desibeli 85 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa nane kuwa mpaka ambao ukivukwa siku baada ya siku usikivu huanza kupotea, na kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda ulio salama hupungua kwa nusu. Wewe na utingo wako mnakaa karibu na bomba hilo kuliko mzee yule. Tena bomba lililoungwaungwa likivuja karibu na kabini huweza kuingiza moshi wenye sumu mahali mnapolala. Na sheria haiko upande wenu: Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009, na Tanzania tangu mwaka 2015.

Kwa hiyo, rudisha sailensa inayolingana na injini yako, na umwombe fundi akague gasketi na maungio yote kuanzia kwenye turbo hadi mwisho wa bomba. Halafu jizoeze kuingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, kwa kuwa anayechelewa hadi lori limeshika kasi hukosa nafasi ya kubadilisha gia. Swichi yako bila shaka ina hatua mbili au tatu, na kila hatua huongeza idadi ya silinda zinazofanya kazi ya kuzuia. Tumia ile inayotosha kushikilia mwendo, na barabara ikiwa na utelezi anza na ya chini, kwani breki hii hushika magurudumu yanayoendeshwa na injini tu na huweza kulipindisha lori. Ukifika kwenye makazi barabara ikiwa tambarare, izime na utumie breki za kawaida, ambazo zitakuwa bado baridi kwa sababu hukuzichosha mlimani.

Mwajiri wako akisita kuhusu gharama, mweleze kwamba bomba tupu halimpatii faida yoyote kwenye mteremko. Na safari ijayo simama tena pale chini ya mlima, umtafute yule mzee, umwombe radhi, na umweleze kwamba breki utaendelea kuitumia kwa sababu inamlinda yeye pia na wajukuu wake walio kando ya barabara, ila bomba umelitengeneza.