Jibu: Breki ya mbele haishiki mpaka upampu

Mkuu, kama mkono wa breki ya mbele ya pikipiki unalala hadi kwenye usukani, halafu ukipampu mara tatu unakuwa mgumu, shuku upepo ndani ya mfumo wa mafuta ya breki kwanza. Pedi ziache. Kwa pikipiki ya zamani mafuta ya breki huwa yameshanyonya unyevu na kuwa meusi, yamwage yote. Kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki kikisema DOT 4 (aina ya mafuta hayo), weka hiyo hiyo. Fundi asikuwekee oili ya injini, inavimbisha raba zote. Kamua mkono, ushikilie, legeza kidogo nati ya kutolea upepo kwenye kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya gurudumu), kaza, ndipo uachie. Rudia hadi mapovu yaishe, na kikopo kisikauke. Yangu ilinitesa wiki nzima hapa Igoma, Mwanza, kumbe raba za pampu ya juu, ile ya kwenye usukani, zimekwisha. Mteremko mkali kama wa Bugando usiushuke na pikipiki yako kwa sasa.