Asbesto ya hewani na jeni zinazopotea
Ndugu, umeuliza iwapo mtu ambaye hakuwahi kufanya kazi na asbesto, yaani madini yenye nyuzi nyembamba sana, anaweza kupata saratani inayotokana nayo. Anaweza. Kiwanda cha saruji ya asbesto cha Casale Monferrato, Italia, kilifungwa mwaka 1986, lakini hata wakazi ambao hawakukanyaga humo wameugua mesotelioma, yaani saratani ya utando unaozunguka mapafu, ambayo kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40 au zaidi.

Nyuzi za asbesto zilizovutwa na hewa zikishakwama mwilini, seli za kinga hujaribu kuzimeza na kushindwa, na katika mapambano hayo yasiyokwisha hutoa kemikali zinazokata DNA, huku nyuzi zenyewe zikivuruga kromosomu, yaani vifurushi vya DNA ndani ya seli, wakati seli inapogawanyika. Ndiyo maana, tofauti na saratani ya mapafu ya wavutaji sigara, ambayo hujaa makosa mengi madogomadogo ya DNA, katika mesotelioma mara nyingi vipande vizima vya kromosomu hupotea pamoja na jeni za kuzuia saratani, hasa BAP1, CDKN2A na NF2. Wapo pia wanaorithi BAP1 yenye kasoro tangu kuzaliwa, na hao, kwa maoni yangu, ndio wa kuangaliwa kwanza.