Nitakwenda kwa Simone Signoret

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ukipata nafasi ya kuzuru kaburi la msanii mmoja popote duniani, utakwenda kwa nani, na kwa nini? Mimi nitakwenda Paris, kwenye makaburi ya Père Lachaise, kwa mwigizaji Simone Signoret. Wengi wanaofika pale huulizia kaburi la waimbaji Édith Piaf au Jim Morrison. Mimi namtaka mama huyu aliyekubali kuzeeka mbele ya kamera.

Alizaliwa Wiesbaden, Ujerumani, mwaka 1921, akiitwa Simone Kaminker, akakulia Neuilly, jirani na Paris. Baba yake alikuwa Myahudi mwenye asili ya Poland. Vita Kuu ya Pili vilipoifikia Ufaransa, baba alikimbilia London kwa Jenerali de Gaulle, kiongozi wa Wafaransa waliokataa kusalimu amri kwa Wajerumani, na Simone, binti ambaye hajafika hata miaka ishirini, akabaki na mzigo wa kumlisha mama na wadogo zake wawili. Jina la Kaminker, la Kiyahudi, lingemponza mbele ya Wanazi, ndipo akashika la upande wa mama, Signoret. Akaanzia na vijisehemu vya kupita tu kwenye filamu.

Umaarufu ulimjia na filamu ya Casque d'or ya mwongozaji Jacques Becker, mwaka 1952. Humo ni Marie, mwanamke wa Belleville, mtaa wa Paris, mwenye nywele za dhahabu zilizofungwa juu, na mwisho anasimama dirishani akimtazama mpenzi wake akipelekwa kukatwa kichwa kwa gilotini. Mwaka 1960 akapata Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa Room at the Top, filamu ya Waingereza.

Baada ya hapo angeweza kung'ang'ania urembo. Hakufanya hivyo. Alivuta sigara, alikunywa, akanenepa, uso ukavimba, na bado aliendelea kusimama mbele ya kamera kama alivyo. Mwaka 1977 akaigiza La vie devant soi, na hiyo ndiyo filamu iliyonifanya nimpende. Ni Madame Rosa, bibi wa Kiyahudi aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, aliyewahi kujiuza, na sasa analea watoto wa makahaba huko huko Belleville, ghorofa ya sita isiyo na lifti. Tazama anavyozipanda zile ngazi, pumzi inakatika, mwili umemwelemea. Mtoto anayempenda kuliko wote ni Momo, Mwislamu, na Rosa anahakikisha analelewa katika dini yake. Bibi anapofariki, Momo anabaki na maiti kule chini ya jengo, anaipaka vipodozi na kuinyunyizia manukato, hataki kumwacha. Signoret wakati huo alikuwa na miaka hamsini na kitu tu, lakini alijiachia aonekane kikongwe kabisa. Akapewa César, tuzo ya filamu ya Ufaransa, na filamu ikapata Oscar ya filamu bora ya kigeni.

Alifariki Septemba 30, 1985, kwa saratani, nyumbani kwake Autheuil huko Normandie, akiwa na miaka 64. Mumewe, mwimbaji na mwigizaji Yves Montand, alimfuata mwaka 1991, akazikwa naye kaburi moja.

Hapa ndipo moyo unaponiuma. Kuna msichana aliyedai kuwa Montand ni baba yake. Montand alikataa kupimwa damu akiwa hai, na mwaka 1997 mahakama ya rufaa ya Paris ikaamuru afukuliwe apimwe vinasaba. Machi 1998 kaburi likafunguliwa. Majibu yalipotoka, ikaonekana si baba yake. Simlaumu msichana: kutaka kumjua mzazi wako ni haki ya mtu. Namlaumu Montand, maana tone la damu angelitoa mapema, mkewe asingefunguliwa kaburi kwa kesi isiyomhusu. Na haikuwa mara ya kwanza kubebeshwa ya mumewe. Mwaka 1960 magazeti ya dunia nzima yaliandika habari za mapenzi ya Montand na mwigizaji wa Marekani Marilyn Monroe, na Signoret hakumtukana yule dada hata kidogo. Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha maisha yake, alimwandika kwa huruma.

Ufaransa ilikuja kubadili sheria mwaka 2004: sasa maiti haipimwi vinasaba kwa kesi kama hizo ila kama mwenyewe aliridhia akiwa hai. Naiona ni sheria ya heshima, na nasikitika ilikuja baada yao.

Kwa hiyo siku nikijaliwa, nitaanzia Belleville, mtaa wa Marie na wa Madame Rosa, niteremke kwa miguu hadi Père Lachaise, maana ni jirani. Na msomaji ambaye hajawahi kumwona Signoret, nakuomba uanze na Madame Rosa wake, kisha ndipo urudi nyuma kwa yule Marie wa nywele za dhahabu.