Kabla hujanukuu hotuba ya Sojourner Truth

Wewe unayeanza kusoma historia ya wanawake waliopigania kukomeshwa kwa utumwa Marekani, naomba nikueleze yaliyonikuta. Mwaka wangu wa kwanza nilisimama mbele ya wenzangu nikaisoma hotuba aliyoitoa Sojourner Truth, mwanamke Mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, mjini Akron, Ohio, mwaka 1851, ile yenye swali "Je, mimi si mwanamke?" linalorudiwarudiwa. Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: maneno hayo aliyaandika nani, na lini? Sikuwa na jibu, na aibu ile ndiyo iliyonifundisha kazi.

Yaliandikwa na Frances Gage, aliyeongoza mkutano ule, na yakachapishwa 1863, miaka 12 baadaye. Gage anampa Truth matamshi ya watumwa wa Kusini na watoto 13. Lakini Truth alizaliwa jimbo la New York, akakua akisema Kiholanzi, na watoto wake wanaojulikana ni watano. Marius Robinson, mhariri wa gazeti lililopinga utumwa, naye aliichapa hotuba hiyohiyo gazetini mwake Juni 1851, wiki chache tu baada ya mkutano, na swali lile halimo. Truth hakujua kusoma wala kuandika; kila neno lake limetufikia kwa mkono wa mtu mwingine. Basi chunguza mkono huo kwanza.

Harriet Tubman, aliyetoroka utumwa Maryland kisha akarudi kuwatorosha wengine, ni vivyo hivyo. Utakutana na idadi ya watu 300 aliowatorosha kwa safari 19. Waliolinganisha kumbukumbu wanapata kama watu 70, safari zipatazo 13. Usihofu kwamba umempunguzia heshima. Kurudi Maryland hata mara moja, huku ukijua ukikamatwa unarudishwa utumwani, kunatosha.

Ila shaka nayo ina hatari yake, na hili linaniuma zaidi. Harriet Jacobs, mtumwa aliyemkimbia bwana wake, alijificha karibu miaka saba darini kwa bibi yake huko Edenton, North Carolina. Alipochapisha kumbukumbu zake mwaka 1861 alitumia jina la kubuni, na wasomi wakaja kudai ni hadithi tu, pengine imetungwa na mhariri wake mzungu, Lydia Maria Child. Ni miaka ya 1980 ndipo Jean Fagan Yellin alipothibitisha, kwa barua za Jacobs mwenyewe, kwamba aliandika maisha yake. Walimkatalia bila kupekua karatasi.

Ndiyo maana nakushauri uketi na hati za maombi, zile ambazo raia walizitia saini wakilitaka bunge likomeshe utumwa. Wanawake hawakuwa na kura, lakini kutia saini waliweza. Walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya majina, hati zikamiminika Washington hadi Baraza la Wawakilishi likapitisha kanuni mwaka 1836 ya kuziweka kando bila kuzijadili. Kanuni hiyo ilidumu hadi 1844. Zile zilizopelekwa kwa bunge la Massachusetts zimewekwa mtandaoni bure. Hata simu yako itazifungua.

Mke aliyeandikwa kwa jina la mumewe atakusumbua: mtafute kwenye daftari za kanisa na sensa, usimruke. Na kwenye hati nyingi utakuta safu mbili, ya wanaume na ya wanawake. Zihesabu zote mbili kabla hujaandika sentensi yako ya kwanza.